Mwalimu Darthuami, Aliyejua Pa Kukomea

Ndugu wapendwa, wachungaji na wazee wa kanisa, majirani, na ninyi vijana mliochimba kaburi tangu kulipopambazuka kwenye baridi hii: aliyelala mbele yetu ni Mwalimu Darthuami, mke wa Mzee Vanhlira fundi seremala, mama wa watoto watatu, na kwa miaka mingi mlezi wa vijana na wachumba katika kanisa letu la Hmunthar. Familia imempa binti yake, Malsawmi, kazi ya kuyaandika haya na kuyasoma. Ameyaandika kama alivyoyasikia kwa mama mwenyewe na kwa wale waliokuwapo. Wengi wao wamekaa hapa, na wamsahihishe akikosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1945 katika kijiji cha Lungvar, kilichokuwa ng'ambo ya mto kabla hakijachomwa. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Hrangvunga na Mama Saitluangi. Hakuwa mtoto wa kubebwa na kila mtu. Mgeni akimnyooshea mikono, alimtazama kwanza usoni, na asiporidhika aligeuka akajificha kwa bibi yake. Shangazi zake walimwita mwenye maringo. Bibi yake akawajibu, "Mwacheni. Huyu ana mlango, na ufunguo anao mwenyewe."

Alianza shule ya misheni ya Lungvar mwaka 1952. Mwaka 1959 mianzi ikachanua, na waliokuwapo hawahitaji kuambiwa kilichofuata: panya walikula mbegu zake wakazaana, wakateremka mashambani kama maji, wakala mpunga uliosimama na ule wa ghalani. Shule ikafungwa. Darthuami, msichana wa miaka kumi na minne, akawa anaingia msituni na mama yake kuchimba viazi vya mwitu. Siku moja walipata kiazi kikubwa kuliko vyote. Walipofika nyumbani Mama Saitluangi alikichemsha, akakikata, na kipande cha kwanza akampelekea mjane wa jirani kabla wanawe hawajaonja. Darthuami alilia kwa hasira, macho yake yakiwa kwenye sufuria. Mama akamwambia, "Lia mwanangu, lia sana. Ila usinyooshe mkono."

Alikuwa akisema kwamba elimu yake kubwa aliipata siku ile, jikoni. Alijua kwamba mtu anaweza kutaka kitu mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake bado ukabaki mahali pake.

Alirudi darasani njaa ilipopungua, akamaliza darasa la nane Champhai mwaka 1963, akasomea ualimu Aizawl, na Januari 1966 akaanza kufundisha shule ya msingi ya Lungvar, wiki chache kabla ya vita vya wapiganaji wetu wa msituni na jeshi la serikali.

Hapa wajukuu wasikilize, maana desturi hii hawakuikuta. Zamani hizo, jua likishatua, vijana wa kiume walikuwa wakienda kutembelea nyumba yenye binti. Walikaa naye penye moto wakipiga hadithi na kuimba. Binti aliwakaribisha wote kwa uso mkunjufu, apende asipende, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Wazazi walilala nyuma ya kiambaza cha mianzi, wakijifanya wamesinzia. Darthuami alikuwa mzuri wa sura, na nyumba ya Mzee Hrangvunga haikukosa wageni. Mmoja wao alikuwa Kapliana, kijana wa gitaa, sauti kama asali, na anayejua kwamba anayo.

Jioni moja wenzake waliaga, yeye akabaki. Akasogeza kigoda. Darthuami akaendelea kumenya tangawizi. Akasogeza tena.

"Kaka Kapa," Darthuami akamwuliza, "baridi imekushika?"

"Kidogo tu."

"Basi sogelea moto. Mimi si moto."

Kapliana akacheka, akasogea mara ya tatu, na mkono ukapanda begani kwa binti. Darthuami akainuka pasipo haraka, akaenda pembeni, akaibeba ile sufuria kubwa ya kupikia chakula cha nguruwe, nyeusi tititi kwa masizi. Akaitua katikati yao na kuketi upande wa pili.

"Huko kwako, huku kwangu," akasema. "Haya, endelea na hadithi yako. Ilikuwa imefika patamu."

Nyuma ya kiambaza Mzee Hrangvunga, aliyekuwa amelala fofofo, aliangua kicheko mpaka akakohoa.

Asubuhi yake Mama Saitluangi alimkaripia. "Mgeni unamwekea sufuria ya nguruwe! Watu watasema nini?"

"Watasema suruali yake ina masizi, mama. Kumfukuza sikumfukuza. Hata chai nilimwongezea."

Kapliana hakuonekana tena nyumbani pale kwa muda mrefu. Siku aliporudi, alikuja mchana, akasimama uani na kuomba radhi mbele ya baba mtu. Tangu hapo wakawa marafiki wa kweli mpaka kifo chake mwaka 2015, na hadithi ya sufuria yeye ndiye aliyeisimulia kuliko mtu yeyote. Mwalimu aliitumia katika darasa la vijana kwa miaka mingi. Wasichana aliwaambia kwamba kumheshimu mgeni ni kumpa chai na kiti, na mwili haumo katika ukarimu huo. Kisha akawageukia wavulana na kuwaambia neno ambalo wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu: "Msimngojee msichana atafute sufuria. Kila mtu aje na yake."

Mwaka 1967 jeshi likatoa amri kwamba vijiji vidogo vihamie barabarani. Lungvar ikachomwa watu wakiwa wameipa kisogo, wamebeba walichoweza kubeba. Hapa Hmunthar palikuwa na kilima kitupu na matope. Familia ya Mzee Hrangvunga ilipewa kibanda kimoja pamoja na familia ya mjane mmoja kutoka kijiji kingine, na mjane huyo alikuwa na mwana wa miaka ishirini na minne, mpole, mwenye mikono mikubwa ya useremala. Ndiye Vanhlira. Watu tisa chini ya paa moja la majani, wasichana na wavulana, bila kiambaza. Katika wiki za mwanzo tu kila mtu aliona kwamba Vanhlira na Darthuami wamependana, maana walikuwa hawatazamani kabisa.

Vanhlira akatoa mkeka wake nje, akawa analala barazani. Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Zilikuja kwa ubavu, na blanketi lake likaota ukungu. Mama Saitluangi akamhurumia.

"Ingia ndani mwanangu, baridi itakuua."

"Hapa pananitosha, mama."

"Panakutosha nini, na kikohozi hicho kimekukaa kifuani?"

Vanhlira akainama kwa haya. "Mama, nikiwa huku nitakohoa. Nikiingia humo nitajaribiwa. Kikohozi kina dawa."

Alilala barazani mpaka masika yakaisha, na hakuna aliyemwamuru. Hakumsogelea Darthuami wala hakumwimbia, ingawa ilikuwa vita na watu wengi walisema kesho haina uhakika, basi kila mtu ale chake leo. Mama Saitluangi alisimulia mpaka uzeeni jinsi alivyofungua mlango alfajiri moja, akamkuta kijana yule amejikunja kama mtoto, umande umemjaa nywele, midomo imekuwa ya buluu. Alisema aliogopa, kama mtu aliyejikuta mahali patakatifu. Aliurudisha mlango polepole, akavua kitambaa cha kichwa, akapiga magoti pale pale kwenye udongo.

Walifunga ndoa takatifu tarehe 20 Desemba 1968. Kapliana alipiga gitaa. Nyama ya nguruwe ya kukausha ilitoka kila nyumba, kipande kipande, na watu walirudi makwao jua lingali juu kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku.

Haitasemwa hapa kwamba hawakugombana, kwa sababu Mzee Vanhlira yuko hapa na hatakubali uongo usomwe kanisani. Waligombana. Lakini tangu mwaka wa kwanza walikubaliana kwamba mwenye hasira asiseme akiwa amesimama, na akishindwa kukaa, atoke. Aliyeshindwa kukaa mara nyingi alikuwa mzee. Alitoka akaenda kwenye karakana yake na kupiga randa ubao mpaka moyo upoe, na majirani walizoea kupima ugomvi kwa sauti ya randa. Mzee mwenyewe ameruhusu isemwe leo kwamba benchi mbili za mbele, hizo walizokalia wachungaji, zilitokana na ugomvi mmoja wa mwaka 1974. Wanawe hawakuwahi kuona mkono wake ukiinuliwa juu ya mama yao.

Marehemu alifundisha shule ya msingi ya Hmunthar hadi alipostaafu mwaka 2003. Tangu mwaka 1978 kanisa lilimkabidhi pia mafunzo ya wachumba. Lakini kazi ambayo wengi mmepanda kilima leo kwa ajili yake haikuwa darasani. Ngaihzuali, aliyeketi pale na mumewe Thangzika, amemwambia Malsawmi juzi, "Isome yote, na majina uyataje. Mwalimu hakunionea haya, na mimi sijionei." Thangzika akaongeza, "La kwangu nalo usilipunguze." Basi litasomwa.

Ilikuwa Juni 1986. Redio zote zilikuwa zinazungumza habari ya amani inayokuja. Jumapili moja Ngaihzuali alikuja ibadani amejifunga kitambaa kutoka utosini mpaka kidevuni, na joto lile. Wanawake walimwona, wakatazama vitabu vyao vya nyimbo. Mlangoni, wakati wa kutoka, Mwalimu alimwuliza jambo moja tu.

"Nije kukutembelea?"

Ngaihzuali akalikaza fundo la kitambaa. Halafu akasema, "Njoo."

Jioni ile Mwalimu akaja na uzi mweupe na sindano zake za mwanzi za kufumia. Thangzika, wakati huo dereva wa jipu na mtu wa kinywaji, alimpokea kwa mashaka.

"Karibu, Mwalimu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kutembea."

Mgeni hafukuzwi. Akapewa kigoda na chai, akaanza kufuma. Wakazungumza habari za mvua na barabara mpaka Thangzika aliposinzia, ndipo akaaga. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi. Hakutoa mahubiri wala hakugusa habari ya kitambaa. Alikaa tu, na penye mgeni, mume haoni pa kuanzia kupiga.

Wiki ya pili Thangzika akachoka. "Mwalimu, kwani kwako hakuna moto?"

"Upo. Ila wako unawaka vizuri."

"Na mumeo anakula nini?"

"Anapika mwenyewe. Anapika vibaya, ndiyo maana sina haraka ya kurudi."

Hata Ngaihzuali alicheka, na mumewe akashtuka, maana alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika. Siku ambazo Mwalimu alikuwa na kazi za shule, alikuja mwanamke mwingine wa kanisa na kapu lake la uzi. Mvua yote ya mwaka ule nyumba ile haikukosa mgeni.

Mzee wa kanisa Chawngbuanga, ambaye sasa naye amelala, akamwita. "Mama, unaingilia ndoa ya watu. Mume ni kichwa cha nyumba."

"Ndiyo, mzee. Na kichwa kikiuma mwili wote haulali. Mimi nakaa na mgonjwa tu."

"Maandiko yanamwambia mke atii."

"Yanamwambia na mume lake, mzee, na sehemu ya mume ni ndefu kuliko ya mke. Wewe msomee yake. Mimi nitafuma."

Mzee Chawngbuanga alikuwa mtu wa haki. Alirudi kwake, akafungua, akasoma. Jumapili iliyofuata akaihubiri ile sehemu ndefu.

Mwezi wa Agosti, jioni, Thangzika akarudi amelewa kuliko siku zote, akakuta wali umeungua. Mgeni alikuwa amekaa pale pale, lakini safari hii hakumwona. Akachomoa kuni ndefu penye moto na kuiinua juu. Ngaihzuali akajikunja ukutani, mikono juu ya kichwa, bila kupiga kelele, kama mtu aliyezoea.

Mwalimu hakusimama. Alimwita kwa sauti aliyoitumia darasani. "Thangzika. Huo mkono unakutii wewe, au wewe ndiye unayeutii?"

"Toka nje, Mwalimu! Hii nyumba yangu!"

"Ni yako. Nitatoka ukiirudisha kuni motoni. Ndiko kwake."

Ngaihzuali anasema mvua ilikuwa inapiga bati, lakini yeye aliisikia pumzi ya mumewe tu. Ile kuni ilikaa juu. Thangzika anasema alikuwa anautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine, na alijiona anashindana nao mbele ya mashahidi wawili, na hakujua nani atashinda. Halafu akaishusha. Akaisukuma motoni, akakaa chini sakafuni, akajifunika uso. Watu hawa wawili wanakwambia mpaka leo kwamba Mungu alipita chumbani mle.

Mwalimu alipofika kwake, Vanhlira aliona uzi mweupe una damu. Sindano ya mwanzi ilikuwa imevunjika mkononi mwake, na kibanzi kimezama kiganjani. Alikuwa hajahisi. Ndipo akaanza kutetemeka, na mumewe akamfunika mablanketi mawili.

Asubuhi yake Ngaihzuali akachukua nguo zake na kwenda kwa kaka yake, kijiji cha tatu kutoka hapa. Thangzika akaja mbio shuleni.

"Mwalimu, mke wangu umenitolea. Nirudishie!"

"Sikumtoa, na kumrudisha si kazi yangu. Miguu ni yake."

"Basi nitamfuata."

"Hutamfuata. Ukimpenda, utamwacha apumue. Ukikutana naye sokoni, msalimie kwa mbali, upite."

Na ndivyo alivyofanya. Aliacha pombe, akaanguka, akaacha tena. Watu waliokuwa wakishuka naye sokoni walimwona akimsalimia mkewe ng'ambo ya barabara, akainamisha kichwa, akapita, mikono ameifumbata nyuma kama mfungwa. Mwaka ukaisha, na nusu ya mwingine. Februari 1988 Ngaihzuali alirudi kwa miguu yake, siku aliyoichagua mwenyewe. Alirudi na masharti. Masharti hayo ni ya kwao wawili na hayatasomwa hapa.

Nyumba nyingine hazikuisha hivyo. Kulikuwa na moja ng'ambo ya kijito ambayo Mwalimu aliombwa aende Alhamisi, akasema atakwenda Jumatatu, mitihani ikishapita. Jumatatu alikwenda kwenye maziko. Hakuwahi kulisimulia jambo lile, na tangu siku hiyo hakumwambia tena mtu yeyote "nitakuja". Alikuwa akiinuka, akachukua kapu lake la uzi, akaenda.

Wapo waliosema ni rahisi kuwawekea mipaka watoto wa wenzako. Mwaka 1999 wakapata jibu. Kijana wake Lalnunzira, tunayemwita Nunzira, alikuwa na mchumba, Zodinpari, na ikiwa imebaki miezi miwili kabla ya harusi, Zodinpari akasema moyo wake umerudi nyuma, haolewi. Hakutoa sababu. Nunzira akapagawa. Jioni tatu mfululizo alisimama mvuani mbele ya lango la wazazi wa msichana. Kijiji kizima kilikuwa kinamngojea Mwalimu aende akazungumze, maana hakukuwa na binti hapa ambaye hakumsikiliza.

Jioni ya tatu akaenda kweli, na mwavuli. Hakulitazama lango. Alisimama kando ya mwanawe.

"Mama, mwambie," Nunzira akasema. "Wewe anakusikiliza."

"Ndiyo maana sitamwambia."

"Mimi si mwanao?"

"Wewe ni mwanangu. Na yule ni mwana wa mtu. Amesema hapana, Nunzira."

"Hajasema kwa nini!"

"Hadaiwi. Mimi nitasimama nawe hapa mpaka uchoke, hata kukicha. Ila lango hilo hutaligonga."

Akafunga mwavuli, wakawa wanalowa wote wawili. Nyuma ya pazia Zodinpari alikuwa anatazama. Yeye ndiye aliyemsimulia Malsawmi miaka mingi baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kushindwa. Alijua Mwalimu akibisha mlango, atakubali kuolewa kwa kumstahi tu. Alipoona mgongo wa Mwalimu umeligeukia lango, alikaa sakafuni akalia.

Nunzira alirudi nyumbani na mama yake. Kisha akaenda Aizawl, na hakumwandikia wala kumpigia simu mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata. Siku hizo Mwalimu alikuwa akienda nyuma ya banda la nguruwe kulia, ili mumewe asimsikie, na mumewe alikuwa akipiga randa kwa nguvu ili amwachie nafasi. Nunzira alioa mwaka 2004, na mkewe Remruati amekuwa binti wa nyumba hii. Jana, watu walipokusanyika kuimba nyumbani, Nunzira alisimama akasema maneno machache: "Nilidhani mama alinikosesha mke. Alinikinga nisioe mtu aliyeogopa."

Septemba 2022 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Huko Aizawl ikaonekana ni saratani. Alifanyiwa upasuaji mwezi wa Novemba, akapata nafuu, akarudi hata darasani kwa wachumba. Januari mwaka huu ugonjwa ukarudi, na safari hii yeye mwenyewe akaomba aletwe nyumbani.

Mwezi huohuo vijana wa kanisa walikuja kumwona, wavulana na wasichana, na machungwa tele, wakajaa chumbani mpaka mlangoni. Binti mmoja, Hmingtei, akajikaza akamwuliza alilotaka kuuliza siku zote.

"Bibi, samahani. Wewe hukuwahi kutamani kuvuka mpaka?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Mjukuu wangu! Ulidhani nilijizuia kwa sababu sikuwa na hamu? Huyu mzee nilimtamani mpaka meno yakaniuma. Mwulizeni na yeye."

Mzee Vanhlira aliinuka, masikio mekundu, akasema anakwenda kutafuta kuni, na kuni zilikuwa zimejaa. Vijana wakacheka. Mwalimu akangoja kicheko kipungue. "Asiye na hamu hana cha kutawala," akawaambia. "Mungu hakutupatia moto kwa bahati mbaya. Lakini ametupa na mikono, na mikono ni yetu." Hmingtei akaushika mguu wa bibi juu ya blanketi, akakaa hivyo muda mrefu.

Jumanne tarehe 13 Februari 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliomba dirisha lifunguliwe. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, vilele vimetokeza juu yake kama visiwa, na jua lilikuwa linaanza kuvipaka rangi. Malsawmi alimpa uji, vijiko viwili. Alipoletewa cha tatu, alikizuia kwa kidole, akasema, "Inatosha. Asanteni." Akawatazama mmoja mmoja, mumewe wa mwisho. Hakusema tena. Pumzi zake zikaenda zikipungua, na ikafika moja ambayo nyingine haikuifuata. Waliokuwamo hawakulia mara moja. Baadaye ndipo kengele ya kanisa ilipogongwa na nyumba ikajaa.

Ameacha mumewe, Mzee Vanhlira, watoto, Malsawmi, Lalnunzira na mkewe Remruati, na Lalhmunliana na mkewe Zothanpari, wajukuu saba, kitukuu mmoja, Darthuami mdogo, mwenye miezi minne; mdogo wa marehemu, Mama Laldingi wa Champhai, na jamii hii yote ya Hmunthar, nyumba kwa nyumba.

Bwana aliyempa roho yenye nguvu, yenye upendo na yenye kiasi, ampokee kama alivyotupatia. Udongo wa kilima hiki uwe mwepesi juu yake. Mwalimu, pumzika. Kengele imelia, na darasa umelifunga vizuri.